Kijiti Kwenye Tundu la Juu

Ndugu msikilizaji, wiki hii nilikusudia kuzungumzia nauli za daladala. Nauli itasubiri, sikumbuki hata siku moja iliyoshuka kwa sababu mimi nimeizungumzia. Leo naomba tukae nyumbani, sebuleni, tuitazame ile soketi ya umeme iliyo ukutani karibu na kochi, shubiri mbili kutoka sakafuni.

Jumapili iliyopita nilikwenda Tabata kumjulia hali dada yangu. Simu yangu ilikuwa imeishiwa chaji, na mfukoni nilikuwa na chaja yenye pini mbili za mviringo, ya aina ile inayouzwa kila kona ya mji. Soketi ya dada yangu, kama zilivyo nyingi hapa kwetu, ni ya matundu matatu ya pembe nne. Nikafanya kile ambacho hata wewe, bila shaka, umekifanya. Nikachukua kijiti cha mshikaki jikoni, nikakichomeka kwenye tundu la juu, nikabonyeza kidogo, na matundu mawili ya chini yakafunguka. Nikasukuma chaja ikaingia kwa shida, nikachomoa kijiti, nikakiweka juu ya meza. Kazi ya nusu dakika. Mpwa wangu, msichana wa miaka mitatu, alikuwa amesimama pembeni akinitazama kwa makini, kidole mdomoni.

Tulipokuwa mezani tunakula, dada yangu akainua kichwa ghafla, akasema, "Mbona huyu kanyamaza?" Wenye watoto wanajua maana ya ukimya wa namna hiyo. Tukamkuta amechuchumaa nyuma ya meza ya televisheni mbele ya soketi nyingine. Kijiti cha mshikaki kilikuwa tayari ndani ya tundu la juu. Mkono wa pili ulishika kibanio cha nywele cha mama yake, cha chuma, na ncha yake ilikuwa imekwisha kuingia tundu la kulia. Akatugeukia na kusema kwa furaha, "Mjomba, na mimi nachaji."

Swichi ya soketi ile ilikuwa imezimwa. Dada yangu aliizima asubuhi ili televisheni isile umeme wa LUKU bure. Ni hilo tu lililotusaidia. Sikumaliza chakula changu, na nakiri mbele yenu kwamba aliyemfundisha mtoto yule ni mimi.

Nilirudi nyumbani na swali moja. Kwa nini tundu la juu linafungua matundu ya chini? Aliyetengeneza soketi hii alitaka nini? Nilimfuata fundi umeme mmoja ninayemwamini, mwenye leseni yake na si kishoka, nikasoma pia niliyoweza kuyasoma, na niliyoyapata yamenifanya niione aibu ya kile kijiti mara mbili.

Soketi yetu ya matundu matatu ilizaliwa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mabomu yalikuwa yamebomoa nyumba nyingi, na serikali ya huko ikaanza mapema kufikiria nyumba zitakazojengwa vita vikiisha zitatiwa umeme wa namna gani. Kamati ya wahandisi ikaundwa. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo mwanamke mmoja tu, Caroline Haslett, mhandisi aliyekuwa akiongoza chama cha wanawake kilichoshughulikia matumizi ya umeme majumbani. Taarifa ya kamati ilitoka mwaka 1944, na kiwango rasmi cha plagi na soketi, kiitwacho BS 1363, kikachapishwa mwaka 1947. Moja ya masharti waliyoyaweka tangu mwanzo ni kwamba matundu yenye umeme lazima yawe na vilango vya kujifunga vyenyewe, kwa ajili ya usalama wa watoto wadogo. Narudia, ndugu msikilizaji: kwa ajili ya watoto wadogo. Vilango hivyo havikuwekwa ili kuzuia vumbi wala mende.

Sasa sikiliza jinsi walivyofanya. Pini ya juu ya plagi, ile ya waya wa ardhi, ni ndefu kuliko mbili za chini. Ukichomeka plagi, pini hiyo hutangulia. Hufanya kazi mbili: kwanza huunganisha chombo chako na ardhi kabla umeme haujafika, na pili husukuma kilango cha plastiki kilicho ndani, na matundu ya chini yakaachia njia. Ukichomoa plagi, springi hurudisha kilango mahali pake. Mtoto akija na msumari, ufunguo au kibanio, akachokoa tundu la chini, atakutana na plastiki. Kwa maneno mengine, pini ya juu ni ufunguo na matundu ya chini ni mlango. Zipo soketi nyingine za siku hizi ambazo kilango chake hakifunguki mpaka pini zote tatu ziguse kwa pamoja, lakini nyingi tulizo nazo ni za ufunguo wa juu.

Ukitaka ushahidi kwamba pini ile ni ufunguo, chukua chaja ya simu iliyotengenezwa kwa soketi zetu. Pini mbili ni za chuma na ya tatu mara nyingi ni plastiki tupu. Chaja ya simu haihitaji waya wa ardhi. Pini ile ya plastiki haipitishi chochote, na ipo kwa kazi moja tu, kufungua kilango. Wapo watu wanaodhani imewekwa kwa urembo.

Hapa naomba tuvuke bahari kidogo, twende Marekani, kwa sababu kuna jambo la kutufungua macho. Sisi tumezoea kudhani kwamba kila kitu chema huanzia huko kisha kutufikia sisi kikiwa kimechakaa. Katika jambo hili mambo ni kinyume. Soketi za nyumbani za Marekani, zenye mianya miwili myembamba na kitundu cha ardhi, kwa miaka mingi zilikuwa wazi kabisa. Vilango vilitakiwa katika wodi za watoto hospitalini, lakini si katika nyumba ambamo watoto hao hao huishi. Wazazi walinunua vizibo vya plastiki wakaviziba wenyewe. Takwimu zilizokusanywa huko kati ya mwaka 1991 na 2001 zilionyesha kwamba watoto wapatao 24,000 walitibiwa hospitalini kwa majeraha ya soketi, yaani kama 2,400 kila mwaka, au sita hadi saba kila siku. Na vitu walivyochomeka, kama ulivyokwisha kukisia, ni vya nyumbani vya kawaida: vibanio vya nywele, funguo, na kadhalika.

Ndipo kitabu chao cha kanuni za umeme, ambacho hupitiwa upya kila miaka mitatu, kilipoweka katika toleo la mwaka 2008 sharti kwamba soketi za kawaida katika nyumba mpya za kuishi ziwe na vilango. Huko vilango vimeundwa kwa namna nyingine: lazima mianya yote miwili isukumwe kwa wakati mmoja na kwa nguvu sawa. Ukichokoa mmoja peke yake, hakuna kinachofunguka. Wajenzi wa nyumba walinung'unika juu ya gharama, na wenye nyumba walilalamika kwamba plagi zinaingia kwa shida. Si kila jimbo lililolipokea sharti hilo papo hapo, maana kitabu kile hakiwi sheria mpaka jimbo au mji ukikubali. Lakini sharti halikurudi nyuma. Matoleo yaliyofuata yalisema kwamba hata soketi ya zamani ikibadilishwa, mpya iwe na vilango. Yakaingizwa pia mahoteli na vituo vya kulelea watoto, kisha shule za awali na za msingi na vyumba vya kusubiria wagonjwa. Soketi zilizoachwa nje ya sharti ni chache, kama zile zilizo juu sana ukutani, zaidi ya futi tano na nusu, ambako mtoto hafiki.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kile ambacho Mmarekani alikipigania mpaka mwaka 2008, sisi tulikipata pamoja na soketi yenyewe, bila kukiomba, kwa kuwa tulirithi mitambo ya Mwingereza. Tanzania Bara na Zanzibar, Kenya na Uganda, ukutani ni soketi ile ile. Ukienda Muscat au Dubai utaikuta pia. Tena sisi tunaihitaji kuliko wao, kwa maana umeme wa nyumbani wa Marekani ni volti 120 na wetu ni 230. Kidole kile kile, ngozi ile ile, jasho lile lile, kwetu hupitisha umeme karibu mara mbili.

Na sisi tumeufanyia nini mlango huo? Tunaufungua kwa kijiti.

Tunaufungua kwa kalamu, kifuniko cha kalamu, njiti ya meno, bisibisi, hata kwa ufunguo wa kitasa. Ukifanya hivyo kuna mambo matatu yanayotokea, na fundi wangu alinieleza taratibu kama anavyomweleza mwanafunzi wake. La kwanza ni la mlango wenyewe. Pini za mviringo hazikai vizuri katika matundu ya pembe nne, na kilango kikijaribu kurudi huzibana. Ukivuta kwa nguvu unaweza kukivunja. Kikivunjika hujui, kwa sababu soketi inaendelea kuwaka kama kawaida.

La pili ni la moto. Vyuma vya ndani ya soketi vimepimwa vikamate pini bapa na nene. Ukivilazimisha kushika pini nyembamba ya mviringo vinapanuka au vinagusa kwa ncha tu, na panapogusa kwa ncha pana joto. Ndiyo maana soketi nyingi mjini zina alama ya kahawia kuzunguka matundu. Zaidi ya hayo, plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ndani yake, isiyozidi ampea 13, na kwa vyombo vidogo ampea 3, ili waya wa chombo ukipata hitilafu fyuzi ikatike kabla waya haujawaka. Plagi ya pini mbili haina fyuzi. Waya mwembamba wa redio unabaki ukitegemea sakiti breka ya soketi kule kwenye meinsiwichi, ambayo mara nyingi ni ya ampea 32. Mpaka hiyo ishtuke, pazia limekwisha kushika moto.

La tatu fundi hakulisema. Nilijisemea mwenyewe njiani. Mtoto anatazama. Kilango kile kilitengenezwa kwa hesabu kwamba mtoto hajui siri ya tundu la juu, na sisi tunamwonyesha siri hiyo kila jioni.

Sasa utaniambia, "Ndugu mtangazaji, si kosa langu. Redio nimeinunua ina pini mbili, pasi ina pini mbili, niile?" Hapo una haki, na hapo ndipo ninapotaka kuelekeza lawama kubwa kuliko ya kijiti. Uingereza ilitunga kanuni mwaka 1994 kwamba chombo cha umeme cha nyumbani hakiuzwi mpaka kiwe kimefungwa plagi inayofaa soketi za nchi hiyo, au plagi ya kukibadilisha. Mzigo wa kutafuta plagi ukaondolewa kwa mnunuzi ukawekwa kwa mwuzaji. Hapa kwetu mzigo unabaki kwa mama wa Mbagala aliyedunduliza akanunua jagi la kuchemshia maji, akafika nyumbani, akakuta haliingii. Atafanya nini usiku ule? Atatafuta kijiti. Nawauliza wafanyabiashara wetu wanaoleta makontena: inawagharimu nini kumwagiza kiwandani mtengenezaji afunge plagi ya pini tatu? Kiwanda hicho hicho kinafunga pini tatu kwa mzigo wa London. Na wanaosimamia viwango na bandari, nao ningependa kuwasikia.

Wiki hii nilizunguka Kariakoo. Kijana mmoja dukani alinionyesha soketi mbili zinazofanana kama mapacha. "Hii elfu tatu, bosi, na hii elfu tisa," akasema. "Zote zinawaka." Nikamwomba tochi ya simu. Katika matundu ya chini ya ile ya elfu tisa niliona plastiki nyeupe. Katika ile ya elfu tatu niliona shaba inang'aa moja kwa moja. Haikuwa na kilango kabisa. Umbo la mlango lipo, mlango wenyewe haupo. Kijana yule naye alishangaa, nadhani kwa kweli, maana aliniuliza, "Kwani huwa inatakiwa kuonekana nini?" Jaribio hilo, ndugu msikilizaji, halihitaji fundi. Chukua tochi, chungulia bila kuchomeka kitu. Ukiona plastiki, sawa. Ukiona chuma, soketi hiyo ibadilishwe.

Kisha kuna zile ekstensheni ambazo matundu yake yamekatwa kwa umbo la kupokea plagi za dunia nzima, za pini mbili, tatu, bapa na mviringo. Zinapendwa sana kwa sababu hazihitaji kijiti. Nyingi hazihitaji kijiti kwa kuwa hazina cha kufungua. Tena hizi hazikai ukutani, zinalala sakafuni, kwenye mkeka, mahali mtoto anapotambaa.

Nilifikiri nimepata dawa nilipoona vizibo vya plastiki vya kuziba soketi, vimefungwa katika pakiti yenye picha ya mtoto anayecheka. Nilinunua pakiti mbili. Fundi wangu aliviangalia akatikisa kichwa. Vizibo hivyo vina maana katika nchi ambako soketi haina kilango. Kwetu, kizibo chenye pini ya juu kinafungua kilango na kukiacha wazi kutwa nzima, halafu usalama wote unategemea kipande cha plastiki. Mtoto akikichomoa na kukirudisha kichwa chini, pini ile moja inaingia tundu la juu na matundu mawili yenye umeme yanabaki wazi mbele yake. Nilidhani anatia chumvi, lakini Juni mwaka 2016 idara ya afya ya Uingereza ilitoa tahadhari kwa hospitali zake zisivitumie vizibo hivyo, kwa sababu hizo hizo. Pakiti zangu mbili ziko kwenye droo. Nitakayempa sijamwona.

Mtu anaweza kusema, "Mimi nimefunga kile kifaa cha kukata umeme unapovuja." Vizuri sana, na asiyekuwa nacho akifunge, mafundi hukiita RCD, na cha nyumbani hushtuka umeme unaovuja ukifika miliampea 30, ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kimeokoa wengi. Lakini kifaa hicho hupima umeme uliokwenda na uliorudi, kikiona pungufu kinakata. Mtoto akiwa na kibanio tundu la kulia na kingine tundu la kushoto, umeme unapita mkono huu kutokea mkono ule na kurudi karibu wote. Kifaa hakioni pungufu. Anayezuia hapo ni kilango cha plastiki peke yake.

Jumatano nilirudi Tabata na fundi. Soketi za dada yangu ni saba. Tano zilikuwa nzima, moja haikuwa na kilango tangu iliponunuliwa, na ile niliyochajia mimi kilango chake kilikuwa kimekwama wazi. Sijui kama ni mimi niliyekivunja au wageni walionitangulia. Niliilipia bila kubishana. Tukafunga plagi mpya za pini tatu kwenye redio na feni, na chaja yangu ya mviringo nikaitupa. Dada yangu aliuliza kama shemeji atakaporudi safari na chaja zake nazo zitupwe. Nikamwambia hilo ni lao wawili.

Mpwa wangu alisimama pembeni muda wote, akitazama. Fundi alipomaliza aliniletea kijiti cha mshikaki, akanyosha mkono. "Mjomba, shika. Bado huku." Alikuwa anaonyesha jokofu.

Jana jioni, kabla ya kuja kusoma maneno haya, nilipiga magoti chini ya meza ya studio yetu kuokota karatasi iliyoanguka. Soketi ya pili kutoka mlangoni imebeba plagi nyeusi ya pini mbili, na juu yake, ndani ya tundu la tatu, kuna kifuniko cha kalamu ya buluu kilichokatwa sawasawa na ukuta. Nikamwuliza kijana wetu wa mitambo kimekaa hapo tangu lini. "Nilikikuta nilipoajiriwa, kaka," akasema. Nikanyosha mkono nikitoe. Akanidaka kiwiko.

"Usikiguse, kaka. Tuko hewani."